Bakteria wanazaaje na wanapeanaje jeni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wa maabara tunaulizwa kila siku, na wagonjwa, na wanafunzi wa fomu foo, na hata wauzaji wa duka la dawa. Pengine nimeongea sana maana ndo penye utamu, pengine nimepita tu.

Bakteria wana dume na jike?

Hawana. Bakteria mmoja anajitosheleza, anakula, anarefuka, anakopi DNA yake, halafu anajikata katikati wanakuwa wawili, basi. Hamna mimba wala mayai, na ukiuliza yupi mzazi na yupi mtoto kwa wengi wao hupati jibu, maana yule wa mwanzo hayupo tena, ndo amegeuka wale wawili.

Mchukue E. coli, huyu anayeishi kwenye utumbo wa karibu kila mtu. Ana umbo la kijiti, ukigawa milimita moja vipande elfu, urefu wake ni kama vipande viwili. Ndani ana DNA iliyojifunga duara, ina herufi kama milioni 4.6 na jeni zaidi ya 4,000. Kukopi kunaanzia sehemu moja tu ya lile duara, mitambo miwili inaondoka hapo kila mmoja upande wake mpaka inakutana upande wa pili. Kopi zikishaachana, protini inaitwa FtsZ inajipanga pete katikati ya seli, pete inabana, ukuta mpya unajengwa kwa ndani kufuata pete, mwisho vipande viwili vinaachana. Ukiangalia kwenye darubini utawaona wengi wamebonyea kiunoni, hao ndo wako kwenye kujigawa.

Ni kweli wanaongezeka mara mbili kila dakika 20?

Kwa E. coli ni kweli, ila awe maabara, nyuzi joto 37, msosi wa kutosha na hewa. Tumboni kwako anaenda taratibu zaidi, anaweza kuchukua masaa kadhaa maana kule kuna foleni ya wenzake wanagombania chakula hicho hicho.

Hesabu yenyewe inatisha. Mmoja akijigawa kila dakika 20, baada ya masaa 7 wako 2,097,152. Baada ya masaa 10 wamepita bilioni moja. Ukiendelea mpaka masaa 24 bila kusimama utapata uzito wa tani karibu 4,700 kutoka kwa mdudu mmoja usiyemuona, na ndo ujue kwa nini haiwezi kutokea, chakula kinaisha, uchafu wao wenyewe unawaelemea, wanasimama.

Kuna kitu watu hawakijui hapa. Kukopi DNA yote ya E. coli kunachukua kama dakika 40, sasa anajigawaje kila dakika 20? Jibu ni kwamba hasubiri. Kopi ya kwanza haijaisha, ameshaanza kukopi ya kizazi kinachofuata juu ya ile ile, kwa hiyo mtoto anazaliwa kazi ya kukopi DNA ya wajukuu imeshafika nusu.

Mbona TB kuotesha inachukua wiki nyingi?

Kwa sababu bakteria wa TB hana haraka, anajigawa mara moja kwa masaa 15 mpaka 24. Ukimuotesha kwenye chupa ya kawaida unasubiri wiki kadhaa, na maabara inaweza kungoja mpaka wiki 8 ndo iandike hamna kitu. Ndo maana mashine ya GeneXpert ilileta ahueni, yenyewe haioteshi, inatafuta DNA ya mdudu moja kwa moja kwenye makohozi, ndani ya masaa 2 hivi unajua yupo au hayupo na kama ana mabadiliko ya jeni yanayomfanya asisikie rifampisini, dawa ya TB.

Ukoma ndo kiboko. Bakteria wake anajigawa mara moja kwa wiki mbili hivi na mpaka leo hajawahi kukubali kuota kwenye chakula cha maabara, wanamuotesha kwenye nyayo za panya na ndani ya mnyama anaitwa armadilo. Mtu anaweza kuambukizwa leo dalili zikaja baada ya miaka 5, na zaidi.

Spora ni mayai ya bakteria?

Hapana. Anaingia mmoja, anatoka mmoja, hakuna aliyezaliwa. Spora ni bakteria aliyejifungia ndani ya ganda gumu akisubiri mambo yakae sawa, na siyo bakteria wote wanaweza. Wa kimeta anaweza, spora zake zinakaa kwenye udongo miaka na miaka, ndo maana mabwana mifugo wanapiga kelele ng'ombe akifa ghafla anatoka damu puani asichunwe. Wa pepopunda pia.

Na wa kiporo cha wali, Bacillus cereus. Hili watu wengi linawapita. Ukichemsha wali unaua walio hai lakini spora zinabaki, sufuria likilala mezani usiku kucha kwa joto la Dar au Mombasa zinaamka, zinajigawa, zinatoa sumu kwenye wali. Sumu yake ya kutapisha haiharibiki kwa moto wa jikoni, kwa hiyo ule utetezi wa "lakini nilikipasha mpaka kikatoa moshi" hausaidii. Wali ukipoa kidogo uingie frijini, usisubiri asubuhi.

Kama wote ni kopi za mmoja, mbona wanatofautiana?

Kwanza ni makosa ya kukopi. Kwa E. coli kosa linatokea kama mara moja kwa kila migawanyiko elfu moja au zaidi, unaona ni kidogo eti, lakini mililita moja ya supu ya maabara iliyolala usiku ina zaidi ya bilioni, kwa hiyo makosa yapo mengi tu humo ndani, mengi hayana maana, mengine yanamuua mwenyewe, na moja moja linamfanya asidhurike na dawa fulani.

Hapa kuna ubishi wa kila siku. Watu wanasema "dawa imemfanya bakteria azoee". Bakteria hazoei. Salvador Luria na Max Delbrück walilimaliza hili mwaka 1943. Walikuza bakteria kwenye mirija mingi mbalimbali, kila mrija ukianza na wachache, halafu wakawamwagia virusi vinavyoua bakteria wakahesabu waliopona. Kama kupona kungetokana na kuguswa na virusi, kila mrija ungetoa idadi inayokaribiana. Haikuwa hivyo, mirija mingine haikuwa na hata mmoja, mingine ilikuwa na mamia. Maana yake yule sugu alishazaliwa humo mapema kabla virusi havijafika, na alipozaliwa mapema zaidi ndo ukoo wake ulikuwa mkubwa zaidi. Dawa nayo iko hivyo hivyo, inaua wengine inamwachia uwanja yule ambaye alikuwepo tayari.

Njia ya pili ndo kubwa na ndo iliyonifanya niandike haya yote, kwamba bakteria halazimiki kusubiri kosa lake mwenyewe. Anaweza kuchukua jeni iliyotengenezwa tayari kwa jirani.

Plasmidi ni nini?

Ni kiduara kidogo cha DNA pembeni ya ile DNA kubwa. Kinajikopi chenyewe, na mara nyingi kinabeba vitu vya ziada ambavyo siyo lazima kwa maisha ya kila siku ila siku ya siku vinaokoa, kama jeni za kuvunja dawa. Ichukulie kama zile nondo za chumba cha mtihani, vikaratasi vya kuibia majibu, Wakenya wanaita mwakenya, tofauti ni kwamba bakteria anayepitisha haipotezi ya kwake, anabaki na kopi na mwenzake anapata kopi, na mwenzake naye anaanza kupitisha.

Plasmidi moja inaweza kubeba jeni za usugu wa dawa nne tano kwa pamoja. Kwa hiyo unaweza kutumia dawa A ukawa unawalea sugu wa dawa B, C na D ambazo hujawahi hata kuzimeza.

Wanapeanaje sasa?

Njia kubwa ni tatu.

Ya kugusana, konjugesheni. Mwenye plasmidi anatoa kijimkono chembamba kinaitwa pilasi, kinamnasa jirani kinamvuta mpaka wanagusana, halafu uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za plasmidi unakatwa na kupita kwenda upande wa pili. Kila mmoja anaujazia uzi uliokosekana. Inaisha ndani ya dakika chache. Joshua Lederberg na Edward Tatum waliionyesha mwaka 1946 Marekani: walichukua aina mbili za E. coli, kila moja imeshindwa kutengeneza virutubisho fulani, zote mbili peke yake haziwezi kuota kwenye chakula duni, wakazichanganya, wakapata wachache sana, kama mmoja kwa milioni 10, wanaoota bila shida. Lederberg akapata Nobel mwaka 1958. Mke wake wa wakati huo, Esther Lederberg, ndiye aliyevigundua virusi vya lambda na alikuwa kwenye kazi ya kuitambua plasmidi ya F yenyewe, hii inayoendesha kugusana huku kwa E. coli, ila Nobel haikumfika, na kwangu mimi hilo halijawahi kukaa vizuri.

Baadaye Elie Wollman na François Jacob pale Taasisi ya Pasteur, Paris, wakafanya kitu cha kuchekesha. Kuna E. coli ambao plasmidi yao imejichomeka kwenye DNA kubwa, kwa hiyo wakianza kutoa wanavuta na ile kubwa. Jamaa wakachukua blenda ya jikoni, wanawaacha bakteria washikane, baada ya dakika kadhaa wanawasha blenda kuwaachanisha, wanaangalia jeni gani zimeshavuka. Wakiachanisha mapema zimevuka chache, wakichelewa zimevuka nyingi, na kila mara kwa mpangilio ule ule. DNA yote inachukua kama dakika 100 kuvuka, na ramani ya jeni za E. coli ikachorwa kwa dakika badala ya umbali.

Ya kuokota, transfomesheni. Bakteria akifa anapasuka na DNA yake inamwagika, wengine wanaiokota wanaichomeka kwao. Frederick Griffith, London, 1928, alikuwa na bakteria wa nimonia wa aina mbili, wenye koti linalong'aa ambao wanaua panya na wasio na koti ambao hawaui. Akawaua wale wabaya kwa joto, akawachanganya na wale wapole walio hai, akawadunga panya. Panya wakafa, na ndani ya damu akakuta bakteria hai wenye koti. Ilichukua mpaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty, New York, kuonyesha kwamba kilichokuwa kinapita ni DNA, wakati watu wengi walikuwa na imani jeni ni protini.

Ya kubebewa, transdaksheni. Kuna virusi vinavyokula bakteria, vinaitwa faji. Faji akiwa anapakia DNA yake kwenye maganda mapya kuna wakati anakosea anapakia kipande cha DNA ya bakteria aliyemuua, anaenda kukidunga kwa bakteria mwingine. Norton Zinder na Lederberg waliikuta hii kwenye Salmonella mwaka 1952.

Kwa hiyo konjugesheni ndo ngono ya bakteria?

Vitabu vingine vinapenda kusema hivyo, mi naona inapotosha. Hakuna anayezaliwa. Walianza wawili wamebaki wawili, ila mmoja ana jeni mpya.

Kipindupindu kinaingiaje kwenye haya mambo?

Kinaingia mzima mzima. Sumu inayomfanya mgonjwa aharishe maji kama ya kuoshea mchele siyo mali ya bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, kwa asili. Jeni zake zimeletwa na faji anaitwa CTX, Matthew Waldor na John Mekalanos walilionyesha hilo mwaka 1996. Vibrio wengi wa baharini na kwenye midomo ya mito hawana faji huyo na hawaleti ule ugonjwa tunaoujua.

Halafu huyu mdudu anapenda kukaa juu ya maganda ya vijidudu vya majini vya jamii ya kamba. Mwaka 2005 ikaonekana kwamba akigusa kitini, yaani lile ganda, anawasha mitambo ya kuokota DNA. Yaani sehemu anayoishi ndo inayomwambia aanze kuokota. Mwaka 1992 kule India na Bangladesh ikatokea aina mpya, O139, ambayo ilikuwa ni kipindupindu kile kile kimebadilisha koti kwa jeni kutoka kwa wengine, na watu wazima ambao walishakuwa na kinga ya zamani wakaugua upya.

Bakteria wa aina tofauti wanaweza kupeana?

Ndiyo na hapa ndo penye shida yenyewe. Japani miaka ya 1950 walikuwa na kuhara damu kwa Shigella, wagonjwa wakaanza kutoa Shigella sugu kwa dawa nne kwa mpigo. Ajabu ikawa mgonjwa huyo huyo unamkuta na E. coli wake wa kawaida naye ni sugu kwa dawa zile zile nne. Watafiti wa Kijapani wakaonyesha mwaka 1959 kwamba usugu unapita kati ya hao wawili kwa kugusana.

Ya karibuni ni taifodi ya Pakistan. Mwishoni mwa 2016, Hyderabad ya jimbo la Sindh, ilianza taifodi isiyosikia dawa tano ikiwemo seftriaksoni ya sindano. Kundi hilo la taifodi, H58, lilikuwa tayari ni sugu kwa dawa za zamani, na ndo hilo hilo lililoenea Afrika Mashariki. Kilichoongezeka Sindh ni plasmidi moja inayofanana na zile za E. coli. Vidonge vilivyobaki kufanya kazi ni azithromaisini.

Dawa za kuku zinahusika?

Zinahusika sana tu. Mwaka 2015 watafiti China walitangaza jeni ya mcr-1, inayomkinga bakteria na kolistini, dawa ya mwisho mwisho ambayo hospitali inaitoa ikishaishiwa. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama mbichi na kwa wagonjwa, juu ya plasmidi. Kolistini ilikuwa inawekwa kwenye chakula cha mifugo ili wanenepe. China ikapiga marufuku matumizi hayo mwaka 2017. Kwa hiyo ukimwaga OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) kwenye maji ya vifaranga wote "kwa kuzuia tu", jua E. coli wa kuku wanaosalia na plasmidi zao wanatoka na mbolea, wanaenda bustanini, na wanaonawa mikono vibaya ni sisi.

Nikimaliza dozi si basi nimezuia usugu?

Kwa TB ndiyo, maliza bila kukosa. Bakteria wa TB hapeani usugu na majirani, usugu wake wote ni makosa ya kukopi, kwa hiyo dawa nne kwa pamoja na miezi iliyopangwa ndo ukuta wenyewe.

Kwa mengine jibu ni refu kidogo. Dawa ukimeza haiendi kwenye koo linalouma peke yake, inapita kwa matrilioni ya bakteria wa tumboni ambao hawana kosa, inawafyeka na kuwaacha wale wenye plasmidi. Hao hawakuumizi leo. Ila kesho wakikutana humo humo na mdudu wa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, wanampa plasmidi. Kwa hiyo amoksilini ya mafua, ambayo ni virusi na haisikii antibiotiki hata umeze dozi kamili, imewanufaisha wao tu. Fuata dozi uliyoandikiwa, ila swali la kwanza liwe kama ulihitaji dawa yenyewe. Huu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao wizara wanauita UVIDA, makadirio yaliyotolewa kwenye jarida la Lancet ni kwamba mwaka 2019 pekee uliua watu milioni 1.27 duniani.

Jeni za bakteria zinaweza kuingia kwa binadamu?

Kula bakteria hakukubadilishi DNA. Ila kwa mimea ipo, bakteria wa udongo anaitwa Agrobacterium anaingiza kipande cha DNA yake kwenye mmea. Mwaka 2015 ilionekana kwamba viazi vitamu tunavyolima vinabeba jeni za Agrobacterium tangu enzi na enzi, kabla hakujawa na maabara yoyote. Kwa hiyo ukila kiazi na chai asubuhi unakula GMO, yaani zao lililobadilishwa jeni, ila ya asili.

Kuna faida yoyote?

Insulini. Jeni ya binadamu ya insulini inawekwa kwenye plasmidi, inaingizwa kwa E. coli, anaitengeneza. Marekani waliiruhusu mwaka 1982, na kabla ya hapo ilikuwa inatolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe.

Maabara mnajuaje kwamba huyu bakteria ana jeni ya usugu?

Kwa jicho tu mara nyingi. Tunampaka mdudu kwenye sahani nzima ya agari, yaani chakula cha kuoteshea, tunaweka vidonge vya karatasi vyenye dawa, vidogo kama confeti, tunalaza usiku nyuzi 35. Asubuhi sahani imefunikwa ukungu wa bakteria, na dawa inayofanya kazi ina duara safi kuizunguka. Kuna wale wa ESBL, yaani wenye kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi za jamii ya penisilini, ambao mara nyingi jeni zao ziko kwenye plasmidi, wanavunja dawa ya sefotaksimu. Ukiweka kidonge chake karibu na kile cha amoksilini na asidi klavulaniki, duara la sefotaksimu halibaki duara, linavutika kuelekea kwa mwenzake kama limenyooshwa, maana upande huo klavulaniki imekifunga mikono kile kimeng'enya kinachovunja. Ukishaliona mara moja hulisahau.

Nikiambiwa nimebeba bakteria sugu, nimebeba maisha?

Mara nyingi hapana. Wasafiri wa Uholanzi waliofuatiliwa baada ya kurudi kutoka nje, waliopata ESBL tumboni nusu yao walikuwa wameshawapoteza ndani ya mwezi mmoja hivi, ila kama mmoja kati ya tisa bado alikuwa nao baada ya mwaka. Kubeba plasmidi ni gharama kwa bakteria, asiyenayo anajigawa haraka kidogo, kwa hiyo dawa ikikosekana wenye nayo wanapungua taratibu.

Ila hawapungui kwa haraka ambayo tungependa, na sababu mojawapo ni mbaya kweli. Plasmidi nyingine zinatengeneza sumu inayodumu na kiuasumu kinachoisha haraka, vyote kwa pamoja. Bakteria akijigawa na mtoto mmoja akakosa plasmidi, kiuasumu alichorithi kinaisha, sumu inabaki, anakufa.